Ève Lavallière, Mchezaji wa Paris Aliyetubu

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa shida kumpata mjini Paris mtu asiyelijua jina la Ève Lavallière. Liliandikwa kwa herufi kubwa kutani, lilitajwa magazetini kila juma, na wanawake wa mji waliyatazama mavazi yake na nywele zake ili wapate kumwiga. Kisha, mwaka 1917, akayaacha hayo yote. Miaka 12 iliyobaki ya maisha yake aliiishi katika sala, ugonjwa na ufukara, akafa kijijini, mbali na taa za jukwaa.

Habari yake husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilikwisha siku ile alipotubu. Sivyo. Siku ile ndipo ilipoanza sehemu iliyo ngumu, na sehemu hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa mkristu.

UTOTO WA MACHOZI

Alizaliwa Toulon, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, tarehe 1 Aprili 1866. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Pasaka, na mojawapo ya majina yake, Pascaline, maana yake ni mtoto wa Pasaka. Jina lake kamili lilikuwa Eugénie Marie Pascaline Fénoglio. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, mwenye asili ya Napoli katika Italia. Mama yake alikuwa na asili ya Perpignan, karibu na mpaka wa Hispania.

Nyumba yao haikukosa chakula wala mavazi, bali ilikosa amani. Baba alikuwa mtu wa hasira na wivu. Alikunywa pombe, akampiga mkewe, naye mtoto akakua akisikiliza vishindo vya ugomvi usiku kama watoto wengine wasikilizavyo hadithi za bibi yao. Hata hivyo alisomeshwa vizuri, akafundishwa dini, akapokea Komunyo Takatifu ya kwanza kwa moyo wa furaha. Mbegu ile ilipandwa mapema. Ikakaa ardhini muda mrefu bila kuota, lakini haikufa.

Tarehe 16 Machi 1884 ugomvi wa wazazi ulifikia mwisho wake wa kutisha. Baba alishika bastola, akampiga mkewe risasi, kisha akajiua mwenyewe. Eugénie hakuwa bado ametimiza miaka 18. Kwa siku moja akawa yatima wa baba na mama, tena kwa namna ambayo hata majirani waliona vigumu kuitaja mbele yake.

Baada ya msiba huo alikaa kwa muda chini ya ulinzi wa jamaa, akajifunza kazi za mikono ili apate riziki. Lakini nyumba ya jamaa haikuwa kwao, na moyo wake haukutulia. Binti aliyepoteza kila kitu alitafuta mahali pa kupendwa, akadhani atapapata mbele ya watu wengi. Akajiunga na kundi la wachezaji waliozunguka mijini na michezo yao, na hatimaye akafika Paris.

JINA JIPYA

Huko aliliacha jina la Fénoglio, labda pamoja na kumbukumbu zake, akajiita Ève Lavallière. Jina hilo linafanana na jina la Louise de La Vallière, mwanamke aliyependwa na mfalme Louis XIV wa Ufaransa bila ndoa. Bibi huyo alitubu, akaingia monasteri ya Wakarmeli mwaka 1674, akakaa humo katika malipizi mpaka kufa kwake mwaka 1710. Binti wa Toulon alilichukua jina kwa ajili ya uzuri wake tu. Hakujua kwamba siku moja naye angeugonga mlango wa Wakarmeli.

Ili kufahamu umaarufu aliopata, yafaa kukumbuka hali ya siku zile. Redio haikuwapo. Sinema ilikuwa changa mno: ndugu Lumière waliwaonyesha picha zao watu waliolipa kiingilio, mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, na picha za miaka ile zilikuwa bubu. Watu waliona midomo ikichezacheza lakini hawakusikia neno. Hata Sarah Bernhardt, mchezaji mkubwa kuliko wote wa Ufaransa, alipocheza katika sinema mwaka 1912 kama malkia Elizabeth wa Uingereza, watazamaji waliona ishara zake tu. Aliyetaka kusikia sauti ya mchezaji ilimbidi aende mwenyewe kwenye jumba la michezo, alipe, akae kitini, amwone mtu mzima mbele yake akicheka, akilia na kuimba.

Jumba alilochezea Ève Lavallière liliitwa Théâtre des Variétés, katika barabara ya Montmartre. Lilifunguliwa mwaka 1807, nalo lilijulikana kwa michezo ya kuchekesha na ya nyimbo. Mwanzoni alipewa sehemu ndogo. Lakini alikuwa na kipaji kisichojificha. Mwili wake ulikuwa mdogo na mwepesi, macho yake makubwa, na sauti yake ilikuwa ya namna ya pekee. Aliweza kuwachekesha watu kwa kugeuza shingo tu, na punde akawatia huzuni kwa neno moja. Polepole alipanda, akawa nguzo ya jumba zima. Mwaka 1908 alicheza katika Le Roi, mchezo wa Robert de Flers na wenzake wenye kuwacheka wakubwa wa serikali waliojipendekeza kwa mfalme mgeni. Mchezo huo ulisifiwa mno. Mwaka 1910 ukafuata Le Bois sacré, na mwaka 1912 L'Habit vert, na kila mara jumba lilijaa.

Hata kichwa chake kilikuwa habari ya mji. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, fundi wa nywele aliyeitwa Antoine, mzaliwa wa Polandi, alimkata nywele zikawa fupi kama za mtoto, ili aonekane kijana jukwaani. Wanawake walishangaa kwanza, kisha wakaiga. Baada ya miaka michache nywele fupi zilikuwa zimeenea Ulaya nzima.

NGOMA IVUMAYO

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Ève Lavallière alilijua jambo hilo kabla ya wengine, kwa maana yeye aliisikia ngoma kutoka ndani.

Maisha yake nje ya jukwaa yalikuwa mbali na amri za Mungu. Aliishi na wanaume bila ndoa. Fernand Samuel, mkuu wa jumba la Variétés, alizaa naye binti mwaka 1895, akaitwa Jeanne. Mtoto huyo alikua katika nyumba yenye fedha na wageni wengi, lakini isiyo na sala wala utaratibu, na baadaye maisha yake yalimtia mama yake uchungu usiokwisha. Ndivyo ilivyo mara nyingi: majeraha ya nyumba moja hurithiwa na nyumba nyingine, mpaka atokee mtu wa kumwomba Mungu ayaponye.

Vito alikuwa navyo, na nyumba nzuri, na marafiki wakubwa. Pamoja na hayo huzuni haikumwacha. Pazia likishuka na watu wakienda zao, alirudi kuwa yatima wa Toulon. Mara nyingine alitamani kufa. Tena aliogopa uzee, kwa maana mchezaji aliyependwa kwa ujana wake huhesabu miaka kama mdaiwa ahesabuvyo siku za deni. Kwa hofu hiyo alifika hata kwenye mikutano ya watu waitao mizimu, akatafuta kwa shetani ujana usioisha. Aliyafanya hayo nusu kwa mzaha. Shetani lakini hana mzaha.

Msomaji asidhani kwamba kazi ya kuigiza yenyewe ni dhambi. Kanisa humheshimu shahidi Genesius, aliyekuwa mchezaji mjini Roma, na wachezaji humwita msimamizi wao. Katika shule nyingi za misheni watoto huigiza habari za Noeli, na wazazi hufurahi na kujifunza. Lakini Ufaransa ya zamani iliwaonea wachezaji mashaka makubwa. Adrienne Lecouvreur, aliyesifiwa sana jukwaani, alipofariki mwaka 1730 alinyimwa maziko ya kikristu. Siku za Ève Lavallière ukali huo ulikuwa umepungua, ila kumbukumbu yake ilibaki. Wachezaji wengi waliona kwamba kanisani si mahali pao, na wakristu wengi walikubali hivyo. Ukuta ulijengwa pande zote mbili, na mtu aliyetaka kurudi hakuona mlango.

PADRI WA KIJIJI

Mwaka 1917 vita ilikuwa bado inaendelea. Ève Lavallière alikuwa na miaka 51, naye alikuwa na mkataba wa kwenda kucheza Marekani. Kabla ya safari alitaka kupumzika, akakodi jumba la shamba liitwalo La Porcherie, katika kijiji cha Chanceaux-sur-Choisille, karibu na mji wa Tours. Alifuatana na Léona Delbecq, msichana Mbelgiji aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya vita, aliyekuwa akimtumikia.

Padri wa parokia ile alikuwa Abbé Chasteigner, mtu wa kijijini asiye na jina kubwa. Jumapili ilipofika hakumwona mgeni wake kanisani. Wengine wangalisema kwamba mwanamke wa namna ile hafai kuulizwa habari ya Misa, au wangalinyamaza kwa kumwogopa mtu mashuhuri. Padri huyu hakufanya hivyo. Alikwenda kwake, akamwuliza kwa adabu kwa nini hakufika. Swali hilo ni dogo. Kila katekista hulitumia anapopita nyumba kwa nyumba siku ya Jumatatu. Lakini kwa miaka mingi mtu asingethubutu kumwuliza Ève Lavallière, na kwa kuulizwa alitambua kwamba yupo mtu anayemhesabu miongoni mwa kondoo.

Katika mazungumzo yao mchezaji alimsimulia padri habari za mizimu, na jinsi alivyomtafuta shetani ili apate ujana. Alitazamia labda kwamba padri angecheka. Padri hakucheka. Uso wake uligeuka, akamwonya kwa uzito kwamba shetani yupo kweli na kwamba mtu hachezi naye, kisha akaondoka.

Usiku ule mwanamke hakupata usingizi. Alifikiri kwa njia iliyo rahisi kabisa: ikiwa shetani yupo, basi Mungu naye yupo, na kama Mungu yupo, maisha yake yote yalikuwa yamekwenda upande usiofaa. Katekisimu aliyojifunza utotoni ikarudi, swali kwa swali. Padri akamletea kitabu cha maisha ya Mtakatifu Maria Magdalena, kilichoandikwa na padri Lacordaire, Mdominiko. Alikisoma akilia. Humo alimwona mwanamke ambaye watu walimjua kwa dhambi zake, lakini Bwana Yesu akamjua kwa upendo wake.

Akaanza kujifunza dini upya, kama mkatekumeni, yeye na Léona pamoja. Mwanamke aliyeshangiliwa na mji mzima alikaa mbele ya padri wa kijiji, akajibu maswali kama mtoto wa shule. Kisha akaungama. Tarehe 19 Juni 1917, katika kanisa la Chanceaux, walipokea Komunyo Takatifu. Mtoto wa Pasaka alikuwa amefufuka.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Watu wa Kamina huyajua mambo ya reli. Treni itokayo Lubumbashi ikifika pale stesheni hukuta njia zaidi ya moja: moja huelekea Kananga na Ilebo, nyingine huelekea Kabalo na Kalemie. Kuichukua njia hii au ile ni kazi ya muda mfupi, lakini safari ni ndefu, na aliyepanda treni ya Kalemie hajafika ziwani kwa sababu tu ameiacha stesheni ya Kamina. Ndivyo ulivyo uongofu. Siku ile Ève Lavallière alibadili njia. Safari yenyewe ilikuwa bado.

Aliuvunja mkataba wa Marekani. Hakurudi jukwaani hata mara moja. Aliuza vitu vyake vya thamani, akawasaidia maskini. Rafiki zake wa Paris hawakuamini. Wengi walidhani ni mchezo mwingine tu, na kwamba baada ya miezi michache atachoka na kurudi. Akaenda kuhiji Lourdes, akamwomba Mama Bikira Maria nguvu za kudumu.

Shauku yake kubwa ilikuwa kuwa mtawa. Alitaka kuingia kwa Wakarmeli, ajifiche nyuma ya ukuta, asionekane tena na mtu. Akabisha hodi, akakataliwa. Afya yake ilikuwa dhaifu, na jina lake lilikuwa kubwa mno. Wakubwa wa monasteri waliogopa kwamba watu na magazeti wangemfuata hadi mlangoni na kuuvunja utulivu wa masista. Louise de La Vallière, ambaye jina lake linafanana na lake, alipokelewa katika Karmeli ingawa alikuwa amependwa na mfalme. Ève Lavallière hakupokelewa.

Hapo palikuwa na hatari kubwa kuliko ile ya Paris. Mtu aliyeacha yote kwa ajili ya Mungu, kisha akaambiwa kwamba nafasi yake haipo, huweza kukasirika, akasema kwamba Mungu hamtaki, akarudi alikotoka. Wangapi wamerudi nyuma kwa sababu neno moja la kukataliwa liliwachoma? Mwenye kutubu hupenda kumchagulia Mungu namna atakavyotubu. Hutaka malipizi makubwa yenye heshima. Mungu akimpa yaliyo madogo, huona amedharauliwa.

Ève Lavallière hakuliona hivyo, au tuseme alijizoeza kutoliona hivyo, siku baada ya siku. Alitafuta nyumba katika kijiji kidogo kiitwacho Thuillières, katika mkoa wa Vosges, mashariki mwa Ufaransa. Nyumba hiyo akaiita Bethania, kwa kukumbuka kijiji cha Martha, Maria na Lazaro, ambamo Bwana Yesu alipenda kupumzika. Mwaka 1920 alipokelewa katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Huu ndio utawa wa walei, watu wakaao nyumbani mwao, wenye kazi na jamaa, lakini wanaofuata kanuni ya sala, ufukara na amani. Wana wa Mtakatifu Fransisko hao hao, mapadri na mabruda kutoka Ubelgiji, ndio waliofanya kazi ya misheni katika pande za Lulua na Kamina tangu miaka ya 1920.

Mlango wa pili aliougonga ulikuwa Afrika. Katika miaka ya kwanza ya 1920 askofu Alexis Lemaître, wa shirika la Mapadri Weupe, alikuwa na kazi katika jimbo kuu la Carthage, nchini Tunisia. Shirika hilo ndilo lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Alger mwaka 1868, na ndilo lililofika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Ève Lavallière alijitoa kwenda Tunisia kuwauguza wagonjwa. Watu aliowahudumia walikuwa Waislamu maskini, hawakujua kwamba mikono iliyowafunga vidonda ilikuwa imeshangiliwa na wakubwa wa Ulaya. Nao hawakuwa na haja ya kujua. Kwake hiyo ilikuwa furaha: kutumika bila kutazamwa.

Lakini mlango huo nao ulifungwa. Homa za nchi zilimwangusha, na mwili wake uliochoka haukuweza. Ikambidi arudi Thuillières, na mara hii kwa kukaa.

CHUMBA CHA MGONJWA

Sasa alibakiwa na nyumba, kanisa la kijiji na ugonjwa. Alishiriki Misa alipoweza. Alisali rozari, akasoma, akawapokea maskini, akawaombea wachezaji wenzake wa zamani. Zaidi ya wote alimwombea binti yake Jeanne, ambaye mwenendo wake ulimhuzunisha sana. Hakumtupa, wala hakujidai kuwa hana hatia. Alijua nani aliyemlea, na katika nyumba ya namna gani. Huenda hilo ndilo lililokuwa lipizi lake zito kuliko yote, kwa maana dhambi aliyoiungama ilikuwa imesamehewa, lakini matunda yake yalikuwa yakitembea duniani, naye hakuweza kuyarudisha kwa nguvu. Aliweza kusali tu, na kungoja, na kupenda.

Maradhi yakaongezeka mwaka hadi mwaka. Uso uliochorwa na kusifiwa katika magazeti ukaharibika. Kisha macho yakashikwa, yale macho makubwa ambayo watu wa Paris walisafiri kuja kuyaona. Ugonjwa ukafikia hali ambayo ilimlazimu daktari kuzishona kope zake kwa uzi. Maumivu yalikuwa makali. Naye aliyapokea kwa saburi, akiona ni haki kwamba macho yaliyokuwa njia ya dhambi yawe njia ya malipizi. Hakusema hayo ili asifiwe. Chumbani mle hapakuwa na watazamaji, ila Léona aliyemwuguza na wachache waliokuja kumjulia hali.

Tarehe 10 Julai 1929 Ève Lavallière alifariki dunia huko Thuillières, akiwa na umri wa miaka 63. Hakutaka mazishi ya kifahari wala maua mengi. Alizikwa katika kijiji kile kile, miongoni mwa wakulima.

Baada ya kufa kwake watu walianza kuuliza habari zake. Vitabu vikaandikwa. Kimojawapo kiliandikwa na padri Mbelgiji, Omer Englebert, mtu yule yule aliyeandika pia maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mahujaji wakaanza kulitembelea kaburi lake. Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu, wala mkristu hana haja ya kulitangulia Kanisa katika jambo hilo. Inatosha kutazama maisha yake na kujifunza.

FUNDISHO KWA WAKRISTU

Kwanza, wachungaji na makatekista watazame kazi ya yule padri wa Chanceaux. Hakuwa na hotuba kubwa. Alimwuliza mtu kwa nini hakuja Misa, akamwonya juu ya shetani bila kumwogopa wala kumdharau, akampa kitabu kinachofaa, akamfundisha kwa uvumilivu. Katika kila parokia wako watu ambao wengine wamekwisha kuwafuta: mwanamke ambaye jina lake husemwa kwa kunong'ona, mlevi, mwimbaji wa baa, aliyekwenda kwa waganga. Jirani husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa mikono ya mwanadamu ni kweli hayazoleki. Lakini Mungu anao mkono mwingine, na mara nyingi huutumia mkono wa mtu anayekubali kwenda kubisha hodi.

Pili, wakatekumeni, na wote waliorudi kwa Mungu baada ya kupotea, wasishangae wakikuta milango imefungwa. Pengine mtu ametubu, akataka kuingia katika chama cha kanisa, akaambiwa angoje. Pengine ametaka kazi ya uinjilisti, na mwili umekataa. Pengine watu bado wanamtaja kwa jina la zamani. Ève Lavallière alikataliwa na Karmeli, akashindwa na homa za Tunisia, na hata macho yake yakafungwa. Kila mlango ulipofungwa alibaki na mlango mmoja tu, ule wa Bethania yake ndogo, na huo ulimtosha.

Tatu, wazazi wakumbuke nyumba ya Toulon. Pombe na ngumi za baba ziliondoa uhai wa watu wawili kwa siku moja, na maumivu yake yalimfuata binti miaka mingi, yakamfikia hata mjukuu. Lakini katika nyumba ile ile mtoto alikuwa amefundishwa katekisimu na kuandaliwa kwa Komunyo ya kwanza, na mafundisho hayo yalimngoja zaidi ya miaka 30. Mwalimu anayefundisha watoto wa nyumba zenye ugomvi asikate tamaa. Yeye hupanda, na siku ya kuota haiko mikononi mwake.

Ève Lavallière alicheza sehemu nyingi mbele ya watu maelfu, na zote zimepita pamoja na makofi yake. Sehemu yake ya mwisho aliicheza chumbani, amelala, kope zimeshonwa, bila jukwaa na bila pazia. Hiyo haikuwa mchezo. Aliyekuwa akimtazama alikuwa Mungu peke yake.